Vikapu Tisa vya Mildred

Mildred Wabuge alikuwa amejificha nyuma ya mkaratusi, raba alizoazima kwa binti yake zikimbana vidole, akimchungulia mwanaume wa watu.

Mjane wa miaka arobaini na nne, mwimbaji wa kwaya! Nyumbani Ziwa alikuwa ameaga kwamba anaenda Eldoret kununua mchele wa wageni. Mchele aliununua asubuhi mapema, akauacha dukani, akaja mbio hapa msituni kwenye gofu ya visahani. Nanyama, binti yake, angejua, angejifungia chumbani kwa aibu.

Lakini angefanyaje? Kesho wazee wangekaa nyumbani kwake wakingoja neno lake kuhusu huyu Mulongo: ndiyo ama hapana. Mambo yote yalikuwa yamepitia kwa wazee na kwa simu. Mulongo mwenyewe alikuwa hajawahi kumtia machoni, na jina lake hakulijua; wazee humwita Mama Nanyama tu. Na zamani Mildred aliwahi kusema ndiyo kwa mwanaume kwa sababu ya suti tu, akalia miaka kumi na tisa. Safari hii aliapa: mwanaume hakubaliwi mpaka aonekane akishindwa.

"Wee, toka huko!" Tabby, rafiki yake anayeuza chai pale langoni na aliyempasha kwamba Mulongo hucheza hapa, alimvuta mkono. "Mulongo! Huyu hana mtu wa kucheza naye."

Mulongo akageuka. Mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, kofia imeangalia nyuma.

"Karibu, Madam. Unajua mchezo?"

"Niite Mildred. Kurusha sahani najua. Nilikuwa na bwana."

Mulongo alicheka mpaka akashika mti.

Mchezo wenyewe ni rahisi ukielezwa: unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, na aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Vikapu ni tisa, tena vya karibu. Shida ni miti. Imesongamana hapo hata mbuzi angeomba njia.

Mildred alirusha cha kwanza macho yamefumbwa. Kisahani kiligonga mkaratusi, kikarudi, kikagonga msaipresi, kikaingia kikapuni, chalang!

"Haiya!" Akapiga vigelegele, akacheza ngoma na raba zake za kubana. Ndege wote wakahama.

Kwenye kikapu cha tatu alianza uchunguzi wake.

"Umerusha mara tatu, si ndiyo?" akauliza kwa upole.

"Nne. Moja iliingia kichakani, hukuiona."

Alikuwa ameiona vizuri sana.

Kwenye cha tano kisahani cha Mildred kilinasa juu ya tawi. Mulongo akapanda bila kuombwa. Wakati wa kushuka, suruali yake ilitoa sauti ya kupasuka.

"Aki ya Mungu! Na hii ndiyo ya kesho!"

Mildred alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka. Mwanaume mwingine angetukana mti, angemtukana na yeye. Huyu alifunga sweta kiunoni, akaendelea kucheza huku anatembea kiupande.

"Kesho kuna nini?" Mildred akauliza.

Mulongo akaangalia chini. "Kuna mtu ananinyima usingizi, Mildred. Kesho nitajua kama nimekubaliwa ama nimekataliwa. Nikikataliwa, sijui nitafanya nini, kusema ukweli."

Mashavu ya Mildred yakawaka moto. Alirusha vibaya kwa furaha, kisahani kikaenda kwa vikombe vya Tabby.

Walifika cha tisa wakiwa sawa kabisa. Mildred akamaliza kwa tatu. Mulongo alikuwa ametumia mbili. Hii ya mwisho ikiingia, wametoka sare. Mildred akageuka makusudi, akajifanya anafunga kitambaa kichwani. Hakuna aliyekuwa akiangalia. Angeweza kusema lolote.

Minyororo ikalia.

"Imeingia?" Mildred akauliza, amempa mgongo.

Mulongo akasogelea kikapu, akachungulia.

"Imegonga ikatoka! Umenishinda!" Mulongo akapiga kelele, akaanza kurukaruka kuliko mshindi mwenyewe, sweta likamfunguka. "Tabby, njoo uone! Nimechapwa na mtu amecheza siku moja tu!"

Mildred alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamkimbilia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akautikisa tena, akakataa kuuachilia.

"Madam, mbona unanishika hivi?"

"Kesho ng'ombe zako zikiingia kwangu Ziwa, mila itanikataza hata kukupa mkono," Mildred akasema. "Acha nikushike leo, mkwe wangu."