Dhamiri ya Mpiga Kengele

Kengele ilikuwa bado haijapigwa, na Martini alikuwa ndani ya jeneza tangu alfajiri, sebuleni kwa shangazi yake Scola, Kasingirima. Kwa nini msiba haukuwekwa nyumbani kwao, Mchungaji Erasto hakuuliza.

Ofisini kwa usharika wazee wa kanisa walikuwa wanatafunana. Marehemu, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi aliyezama boti ilipopinduka, alikuwa akiishi na mwanaume mwenzake, na mji mzima ulijua. Nusu ya wazee walitaka azikwe bila kengele wala mchungaji. Nusu walisema amebatizwa hapahapa, hayo mengine Mungu atajijulia.

Erasto alikuwa na juma moja tu Kigoma, na alitamani sana kuanza vizuri.

"Tutamzika kwa ibada kamili," alisema.

Mzee Thobias, mpiga kengele, akasimama.

"Siwazuii, Mchungaji. Ila dhamiri yangu inakataa. Kamba sitaishika, na makaburini naomba nisilazimishwe kwenda."

Erasto alifurahi moyoni. Huu ndio Ulutheri aliofundishwa chuoni: watu wapingane, na kila mmoja abaki na nafasi yake.

"Mzee wangu, dhamiri hailazimishwi. Nakuruhusu mbele ya wote. Baki nyumbani kwa amani."

Wazee waliinamisha vichwa. Mama Veneranda, mmoja wao, alifungua mdomo, akaufumba. Erasto akadhani wameikubali hekima yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kengele aliipiga mwenyewe, vibaya, mpaka viganja vikachubuka. Alasiri makaburi yalifurika. Hata waliotaka mazishi ya kimyakimya walikuja. Erasto alitupa udongo wake akiwa na furaha isiyofaa msibani.

"Wazazi wa marehemu, karibuni."

Akatoka Mama Yunisi peke yake, ameshikiliwa na Scola. Alichota udongo, akabaki nao mkononi. Nyuma yake hakusogea mtu.

Erasto akamwinamia. "Mama, baba yake yuko wapi? Tumsubiri?"

Mama Yunisi alimtazama bila chozi.

"Jana aliniapia kwamba mchungaji akimwamuru, atakuja kumzika mwanawe," alisema. "Wewe asubuhi ukamruhusu abaki nyumbani."