Ujira wa Shimo

"Mia sita kwa shimo? Mzee Muhanga, si wewe unachimba kila siku?" Ngiri alisema hayo akiwa amekwisha kujipenyeza kinyumenyume ndani ya shimo hilo hilo, pua na meno tu nje. "Mchwa ungewatafuta hata bila mimi. Kwa hiyo kazi hii haikukugharimu kitu. Huo ndio uchumi."

Muhanga alikuwa hoi. Alimchimbia Ngiri shimo hilo siku tatu mpaka kucha zikalika, na katika udongo ule mkavu hakupata hata mchwa mmoja. Alidhani kesi ni nyepesi, ndiyo maana alimwita Korongo, hakimu wa mbugani.

Korongo alisimama kwa mguu mmoja, akawaza. "Hoja ya Ngiri imesimama," alisema. "Kazi isiyomgharimu mwenyewe haina ujira."

Wanyama waliokuja kusikiliza wakashangilia. Maneno makubwa huwapendeza sana.

Muhanga aligeuka, akaanza kuparua udongo na kuurudisha shimoni. Ngiri akapiga chafya.

"We mzee! Unafanya nini?"

"Nafukia. Kuparua ni kazi yangu ya kila siku, hainigharimu kitu. Hakimu kasema."

"Lakini mimi nimo humu! Na mvua hiyo inakuja, nitalala wapi?"

"Kumbe shimo lina bei."

Udongo ulimfika Ngiri kidevuni. "Tuelewane basi, ndugu yangu! Mia tatu! Haya, nne!"

Muhanga alisimamisha kucha.

"Mia sita. Zitoe sasa."