Mswada Uliorudishwa Bungeni

Saa nane mchana, redio iliyokuwa kwenye kituo cha polisi ilitangaza kwamba Rais amekataa kutia sahihi mswada wa kupiga marufuku mateso kwa mahabusu. Ameurudisha bungeni.

Inspekta alizima redio. "Umesikia, Sironka? Ile sheria yako haiko. Sasa mzee aseme bunduki ziko wapi."

Tangu asubuhi Konstebo Sironka alikuwa akivuta muda, kipande cha mpira wa maji cha kumchapa mzee nyayo mkononi, akiomba Rais atie sahihi. Mbele yake alilala mzee mmoja Msomali, mchuuzi wa ng'ombe aliyekamatwa barabara ya Mashuuru akishukiwa kuficha bunduki, miguu imefungwa kwenye benchi.

Nje, ng'ombe walikuwa wakipita kwenda sokoni Kitengela. Vumbi lao liliingia dirishani, likaelea polepole kwenye mwanga, na kengele zao zikasikika kana kwamba zinatoka chini ya maji. Sironka akajiona mtoto tena, akitembea nyuma ya mifugo ya babake.

Akaziangalia nyayo za mzee. Kwenye kisigino kilichopasuka, mwiba ulikuwa umevunjikia ndani.

"Mzee, huu mwiba hauumi?"

"Unauma, kijana yangu. Niko nao wiki mbili."

Sironka akaweka mpira sakafuni. Akabandua beji ya jina lake kifuani, akapiga magoti, akaanza kuchokonoa taratibu kwa pini yake.

"Sironka! Unafanya nini?"

"Natoa mwiba, afande."

Ulitoka na tone la damu. Mzee akashusha pumzi ndefu.

Kisha Sironka akaanza kufungua kamba.