Nafasi kwenye Sinia

Kiharusi kiliuua mkono wa kulia wa Bi Mwanasiti, na kwa miezi mitatu hospitalini akaufundisha wa kushoto kula. Siku aliporudi nyumbani walipika pilau. Akakaa mkekani na wenzake, akapeleka mkono wa kushoto kwenye sinia, akafinyanga tonge bila kudondosha hata punje. Akawatazama, akingoja pongezi.

Wifi yake akaacha kula.

"Mama, nitakupakulia sahani yako pembeni," Zuhura, binti yake, alisema kwa upole. "Ule kwa raha zako."

Akasogezwa. Wenzake wakabanana, nafasi yake ikazibika.

Bi Mwanasiti hakuigusa sahani. Akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, taratibu, kama abebaye mtoto aliyelala, akaupenyeza kati ya mabega yao na kuulaza ukingoni mwa sinia.