Wachechemeao wa Napata

Mjinga wa siku ile alikuwa Artakalo, tuseme mapema tusisumbuane. Napata nzima ilikuwa ikichechemea, na yeye peke yake akasahau mguu.

Ndivyo walivyo watu wa Kushi: mfalme akiumia, walio karibu naye huumia naye. Tangu farasi alipomwangusha mfalme mbele ya hekalu la Amuni, ikulu yote ilikuwa ikiburuta mguu wa kulia. Wapishi, walinzi, hata wapiga ngoma.

Artakalo hakuwa na maumivu hata chembe. Lakini ukishaanza kuchechemea, utaachia wapi? Kuhani mkuu Harsipal alikuwa akiwinda waongo. Akimgundua mtu, awe nani, humwita mbele ya Amuni, na aliyeitwa harudi.

Asubuhi ile Nasmala, mama yake, alimkuta chumbani akifanya mazoezi, ukuta hadi ukuta.

"Wee! Huko ni kuchechemea, au bata anatafuta pa kutagia?"

"Mama, usinichekeshe. Harsipal ananitazama miguu siku hizi."

"Na wewe mtazame usoni. Halafu acha kutafuna kucha, mtu mzima wewe!"

Mama akatangulia ukumbini. Artakalo akagida bia ya mtama, akatoka. Uani alikwenda vizuri tu, kulia, kulia, kulia. Mara farasi akalia zizini, yule yule mwangushaji. Artakalo akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akajikusanya, akaingia ukumbini haraka.

Alikuwa amefika katikati alipogundua kwamba anaburuta mguu wa kushoto.

Ngoma zikanyamaza. Harsipal aliitazama miguu yake, akapandisha macho taratibu, akatabasamu. Kisha nyuma ya Artakalo viatu vikaanza kukwaruza sakafu, vingi, kwa pamoja.

Walinzi hao, wananijia, akawaza. Shingo ikakataa kugeuka. Akajikokota hadi alipoketi mama yake.

"Mama, nimekwisha. Nimekosea mguu."

"Geuka uwatazame."

"Sigeuki! Wote wameniona, mama, nakwambia nimekosea mguu, leo hii naitwa hekaluni..."

"Wote wameshahamia wa kushoto, Harsipal akiwa wa kwanza. Mfalme ni wewe, mwanangu. Hebu keti basi, watu miguu inawauma!"