Amri ya Kula

"Niech pan je," Gisèle alisema kwa Kipolandi, kijiko kikiwa hewani.

Mzee Zygmunt akafumba mdomo na kutazama nje, kwenye maegesho ya magari. Viazi vilivyopondwa vikaendelea kupoa. Daktari alikuwa amesema wazi: asipokula kufikia Jumatatu atahamishiwa hospitali, na wazee wa hali yake wakihamishwa hawarudi. Leo ilikuwa Jumapili.

Gisèle akarudisha kijiko bakulini. Hakulia. Tangu Pasaka alikuwa na ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Nyumba hii ya wazee ya Acocks Green ilizoea kupoteza vitu vya watu: miwani, meno ya bandia, soksi. Zygmunt alipoteza lugha. Kilianza Kiingereza, kikafuata Kifaransa. Kiswahili, alichojifunza akijenga barabara kule Kivu, ndicho kilichokawia. Pasaka nacho kikaenda. Kilichobaki ni Kipolandi cha utotoni, na humo ndani hapakuwa na mtu wa kukijua, mpaka alipoajiriwa Halina, msafishaji, mmoja wa Wapolandi waliomiminika Birmingham mwaka ule.

Halina akawa mwalimu wa Gisèle. Alifundisha ameegemea ufagio, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Jina la mwanafunzi wake hakuwahi kuuliza. Alimwita pani, kama Wapolandi wanavyomwita mwanamke yeyote.

"Pije, anakunywa. Kata mkia: pij! Kunywa! Sasa je, anakula. Hili halikatiki, linageuka: jedz!"

"Hata kwetu kula ni neno kaidi," Gisèle alisema. "Kusoma linakatwa, linabaki soma; kula halikubali."

"Ila mzee humwambii jedz, ni utovu wa adabu. Jedz ni ya mtoto, ya mume, ya mbwa. Mzee wa watu anaambiwa niech pan je. Bwana na ale."

Siku nyingine alimwuliza, "Wakala gani amekuleta kazini hapa?"

"Nilikuja mwenyewe."

"Na zamu yako inaisha saa ngapi? Nakukuta, nakuacha."

"Haiishi."

Halina akacheka, akasema waajiri wa nchi hii hawana huruma. Gisèle hakuwa na nguvu ya kuongeza neno.

Sasa niech pan je ilikuwa imekataliwa wiki nzima. Akajaribu Kiswahili cha kwao Bukavu. "Papa, kula hata kidogo tu. S'il te plaît, tafadhali."

Mzee alimtazama kwa heshima, kama abiria anavyomtazama mtu asiyemjua, akarudi kwenye magari yake. Halina akaingia na ndoo. Gisèle akachota viazi upya. Adabu ilikuwa imeshindwa.

"Jedz," alisema.

Halina akaguna. Lakini mzee aligeuka, akamwangalia usoni, akafungua mdomo. Akameza. Akafungua tena. Bakuli likafika nusu. Gisèle alifurahi, na akashangaa kwamba bado anaweza kufurahi.

Kisha Zygmunt akamshika mkono, akasema maneno mengi kwa upole, macho yake yakiwa mlangoni.

"Anasemaje?" Gisèle aliuliza.

Halina alikuwa akitabasamu. "Wanaume hawa! Anakushukuru, anasema una moyo mwema. Lakini anakuomba uondoke upesi. Mke wake yuko njiani, na akikukuta umeshikwa mkono hivyo, patachimbika." Akakamua tambara kwenye ndoo. "Anasema Gisèle wake ana wivu sana."

Gisèle akachota kijiko kingine.

"Jedz," alisema.