Dakika Tatu za Kulia

Mjini kwao, kelele yoyote baada ya saa kumi na mbili jioni ilihitaji kibali. Ndiyo maana mke wa mwanawe aliposhikwa na uchungu, Bi. Mwanakheri alikimbilia kwanza kwa karani wa manispaa.

“Mtoto atalia dakika ngapi?”

“Mwanangu, nimuulize vipi naye hajatoka?”

“Basi nakuandikia tatu. Na vigelegele?”

“Kimoja. Kirefu.”

Saa moja akazaliwa msichana, akalia kwa sauti ya kupasua bati. Bibi akapiga kigelegele mpaka pumzi ikamwishia. Dakika ya tatu ilipotimia, mtoto akanyamaza mwenyewe, akakikodolea macho kifaa cha manispaa kilichowasikiliza ukutani.

“Mashallah, ana adabu,” mkunga akanong’ona.

Bi. Mwanakheri akamfinya mjukuu kidogo, alie. Mtoto hakulia.